Usikimbilie mkasi: namna ya kujitengenezea antena ya redio ya ridhaa

Swali hurudi kila mara kwa sura ileile: redio nimepata, leseni ninayo au iko njiani, lakini antena ya dukani bei yake inakaribia ya redio yenyewe, na ukiongeza usafiri kutoka nje unakata tamaa kabisa. Je, waya wa kawaida hautoshi?

Unatosha. Waya wa umeme wa nyumba, kipande cha bomba la plastiki na kebo vinaweza kukufikisha Dodoma kutoka Dar es Salaam, au Mombasa kutoka Nairobi, mchana kweupe. Usiku vitakupeleka mbali zaidi. Wanaoshindwa huwa wameangushwa na mambo mawili: haraka ya kukata waya, na kuamini kwamba mita ikionyesha namba ndogo basi antena ni nzuri. Nitayarudia yote mawili mpaka uchoke.

Karatasi kwanza

Tanzania leseni hutolewa na TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, Uganda ni UCC. Huko ndiko utakakopewa alama yako ya wito, inayoanza na 5H kwa Tanzania, 5Z kwa Kenya na 5X kwa Uganda. Kabla haijatoka, usibonyeze kitufe cha kurusha hata kwa “kujaribu kidogo tu”. Antena unaweza kuijenga, kuipandisha na kuisikilizia wakati unasubiri, na ukiwa na kifaa cha kupimia unaweza hata kuityuni bila redio kurusha chochote.

Toa nakala ya leseni na uiweke karibu. Waya mrefu ukipita juu ya uwanja huzua maneno: wapo watakaosema unaiba umeme, na wapo watakaosema unasikiliza simu za watu. Nenda kwa jirani na kwa mwenyekiti wa mtaa mapema, toa shikamoo, eleza unachofanya, na ikiwezekana waite waje wasikilize. Mama mwenye nyumba akishaisikia sauti ya mtu wa nchi nyingine ikitoka kwenye ule waya uliofungwa mwembeni kwake, ndiye atakayekutetea.

Chagua kwa kuangalia unataka kuzungumza na nani

- Wa mjini kwako, kwa redio ya mkononi: bendi ya mita 2, yaani megahezi 144 hadi 146.
- Wa mikoa mingine na nchi jirani: dipoli ya bendi ya mita 40, megahezi 7.0 hadi 7.2.
- Wa mabara mengine: mita 20 na bendi zilizo juu yake. Kanuni ni zilezile, waya tu ndio unaopungua. Na dipoli ya mita 40 hufanya kazi pia kwenye mita 15, megahezi 21, kwa sababu waya uleule hubeba nusu-mawimbi matatu ya huko.

“Mita 40” ni urefu wa wimbi. Dipoli, yaani waya wa mikono miwili unaounganishwa na kebo katikati, ni nusu yake, kwa hiyo waya wako utakuwa kama mita 20, na kila mkono mita 10 hivi. Kuna watu wamebeba roli la mita 40 kutoka dukani na kulifunga lote.

Wengi huniuliza habari za antena moja ya bendi zote. Nakushauri usianzie huko. Antena ya bendi moja ikikataa, utajua pa kuangalia.

Vya kununua

- Mita 22 za waya wa shaba wa umeme, wa milimita za mraba 1.5 au 2.5, wa nyuzi nyingi ukiupata. Kabla ya kulipa, kwangua ncha kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba: itakatika mapema na haishiki risasi vizuri.
- Kebo: RG-58 ya ohmu 50, au RG-6 ya dishi ya ohmu 75.
- Bomba la maji la plastiki la nusu inchi. Vipande vitatu vya sentimeta 8 hadi 10 vilivyotobolewa huku na huku ndivyo vihami vyako.
- Kamba ya nailoni nene, ikiwezekana nyeusi. Ya katani hunyonya maji na kuoza. Ile nyembamba ya plastiki ya rangi rangi huchanika kwa jua.
- Tepu nyeusi ya umeme, silikoni, risasi ya kuchomelea, na plagi inayoingia kwenye redio yako.

Hapa fundi atakwambia: “Kebo ya dishi haifai, redio inataka ohmu 50.” Asikutishe. Dipoli iliyo juu vya kutosha yenyewe ina ohmu zinazokaribia 73, hivyo kebo ya 75 inaipokea vizuri, na tofauti ya 75 na 50 upande wa redio inaleta SWR (ile namba ya mita inayoonyesha nguvu inavyorudishwa) ya 1.5 hivi. Tena kwenye mita 2 kebo nzuri ya dishi hupoteza nguvu kidogo kuliko RG-58 nyembamba. Mita 15 za RG-58 kwenye megahezi 145 hula karibu nusu ya nguvu yako kabla haijafika kwenye antena. Tatizo halisi la kebo ya dishi ni msuko wake wa alumini: haushiki risasi. Tumia koneta zake za kufunga kwa kuzungusha, au kiunganishi cha skrubu cha fundi umeme.

Kabla hujapandisha chochote

Sehemu hii usiiruke.

- Waya wa antena usipite juu wala chini ya nyaya za umeme, hata zile zinazoingia nyumbani kwako. Pima hivi: mlingoti ukianguka na waya ukachapa upande wowote, je, unaweza kugusa umeme? Kama jibu ni “labda”, hamisha.
- Usirushe kamba juu ya mti bila kuangalia upande wa pili kuna nini.
- Usipande mti au paa ukiwa peke yako.
- Ncha za dipoli zina volti kubwa wakati wa kurusha. Ziwe mita 3 kutoka ardhini au zaidi, mtoto asizifikie.
- Radi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi mno duniani, na pwani nako wakati wa masika si haba. Chomoa kebo ya antena na waya wa umeme wa redio kabla mawingu hayajakusanyika, na uache plagi ya kebo nje ya dirisha. Ngurumo zikishaanza umechelewa, usiiguse. Kuitumbukiza plagi kwenye chupa ya kioo, kama wazee wengine walivyofundishana, hakuzuii kitu.

Dipoli ya mita 40, hatua kwa hatua

1. Gawa 143 kwa masafa unayoyataka katika megahezi. Kwa 7.1 utapata mita 20.14. Hiyo ni makadirio tu, kwani ganda la waya, urefu wa nguzo na paa la jirani vyote huibadilisha.

2. Kata mikono miwili ya mita 10.4. Sentimeta 15 hivi zitaishia kwenye vifundo, na kila mkono utabaki na mita 10.25. Umeuacha mrefu makusudi.

3. Pitisha kila mkono kwenye tundu la kihami cha katikati, uukunje na kuufunga, ndipo uunganishe na kebo. Uzito ukae kwenye plastiki. Ukiacha risasi ibebe uzito, upepo wa kwanza wa kusi utaikata.

4. Uti wa kati wa kebo unakwenda mkono mmoja, msuko wa nje mkono wa pili. Mkono upi ni shauri lako.

5. Ziba kwa silikoni na tepu, na kebo uifunge kwenye kihami ikiwa inaelekea chini. Maji yakishaingia kwenye kebo hutembea ndani ya msuko kwa mita kadhaa, na kuikausha haiwezekani. Utaitupa.

6. Chini tu ya kihami cha katikati, viringisha mita 4.5 za kebo mizunguko sita, upana kama sahani ya wali, uifunge isitawanyike. Hiyo ni choki. Inazuia mawimbi yasirudi kwa nje ya kebo hadi kwenye redio, na bila hiyo utakuwa unatyuni kebo pamoja na antena bila kujua.

7. Pandisha katikati hadi mita 8 au 10 na ushushe mikono pande mbili kama V iliyogeuzwa. Pembe kati ya mikono isipungue nyuzi 90. 120 ni bora zaidi.

“Mita 8 tu? Si wanasema antena lazima iwe juu sana?” Kwa mabara mengine, ndiyo. Kwa mikoa na nchi jirani, dipoli ya chini kidogo ina faida: inarusha kuelekea juu, na anga linairudisha ndani ya mamia ya kilomita, hata pale mlima unapokuziba.

Ukitumia mti, kumbuka unacheza. Mnazi hasa. Usifunge ncha ya waya moja kwa moja kwenye shina. Pitisha kamba kwenye kapi dogo na uninginize dumu lenye mchanga. Upepo ukija, dumu litapanda na kushuka, waya utasalimika.

Kutyuni

Sasa kaa chini, weka mkasi mbali.

Pima antena ikiwa imepandishwa mahali itakapoishi. Ukiipima ikiwa kifuani kwako, ardhi inayavuta masafa yake chini, utadhani waya ni mrefu na utakata. Ukiipandisha utakuta umekata mno.

Kifaa kizuri siku hizi ni analaiza ndogo kama NanoVNA. Weka kwanza eneo la kupima, tuseme 6.5 hadi 7.6, kisha ukisawazishe kwa vifuniko vitatu vinavyokuja nacho kabla ya kuunganisha antena. Ukibadilisha eneo, sawazisha upya. Na usirushe kwa redio kuelekea kwenye kifaa hicho hata mara moja, utakiunguza.

Huna? Wengi wana mita ya SWR ndani ya redio. Weka nguvu ndogo, wati 5 au 10, sikiliza kwanza kama masafa yana mtu, taja alama yako ya wito, rusha kwa sekunde chache, andika namba. Fanya hivyo kwenye 7.005, 7.05, 7.1, 7.15 na 7.195.

Unatafuta masafa ambapo namba iko chini kabisa. Hayo ndiyo masafa ya antena yako.

- Yako chini ya unayoyataka: waya ni mrefu.
- Yako juu ya unayoyataka: waya ni mfupi.
- Umetumia redio na namba inazidi kushuka hadi ukingo wa bendi: masafa ya antena yako nje ya ukingo huo, lakini usirushe nje ya bendi kuyatafuta. Ukingo ukiwa wa chini, waya ni mrefu; ukiwa wa juu, waya ni mfupi.

Urefu mpya unapatikana kwa kuzidisha urefu wa sasa kwa masafa uliyoyakuta, kisha kugawa kwa unayoyataka. Mfano: waya wa mita 20.5 umeshuka kwenye 6.9, nawe unataka 7.1. Unapata 19.92. Basi punguza sentimeta 58 kwa jumla, 29 kila upande. Ila usizipunguze zote kwa mkupuo. Anza na 20 kila upande, pandisha, pima, uone inavyokwenda. Ukikaribia, sentimeta moja kila upande inasogeza masafa kwa kilohezi 7 hivi.

Na kupunguza si lazima kukata. Rudisha ncha ya waya nyuma na uizungushe kwa kuibana kwenye waya wenyewe; kwa antena hiyo ni sawa na kuwa fupi. Ukikosea, unakunjua. Mkasi uje siku antena imetulia, na hata siku hiyo mimi huacha mikunjo ilivyo, maana nikihamia nyumba nyingine nitaihitaji.

Umeshakata mno? Ongeza mkia kila upande, ukwangue, usokote, uchomee risasi. Antena haijali kiungo kilichofungwa vizuri.

Wapi pa kusimama

SWR ya 1.5 ina maana asilimia 4 ya nguvu inarudishwa. Ya 2 ni asilimia 11. Ya 3 ni asilimia 25. Anayekusikiliza hawezi kuitambua asilimia 11 kwa sikio. Redio nyingi za kisasa huanza kujipunguzia nguvu namba ikizidi 2 hivi, kwa hiyo ukipata 1.5 kwenye sehemu ya bendi unayoitumia zaidi, simama hapo. Wapo wanaopoteza wikendi nzima wakiifuata 1.0, na antena yao iko mita 2 kutoka ardhini. Wangetumia muda huo kuipandisha.

Rezista ya ohmu 50 ukiichomeka kwenye redio inaonyesha 1.0 safi kabisa, na hakuna atakayekusikia. Kebo ndefu iliyochoka nayo hudanganya hivyohivyo: inameza nguvu ikienda na ikirudi, mita inaona kidogo kinachorudi, nawe unafurahi. Namba ikiwa nzuri kupita kiasi kwenye bendi nzima, na kwingine kote, shuku kebo.

Ikikataa

*Namba iko juu sana kila mahali.* Chomoa kebo kwenye redio, weka multimita kati ya uti na ganda la plagi. Kwa dipoli hii hapatakiwi kupita umeme kabisa. Ikilia, fungua plagi: mara nyingi ni unywele mmoja wa msuko uliovuka na kugusa uti, mwembamba kiasi cha kuhitaji miwani. Isipolia, huenda kuna mkono uliochomoka huko juu.

*Namba inabadilika ukishika redio au kebo.* Choki haipo au haitoshi. Angalia pia kebo inavyoshuka: iteremke wima kutoka katikati, isitembee sambamba na mkono mmoja.

*Masafa ni sahihi ila namba haishuki chini ya 2.* Usiguse urefu. Panua au bana pembe ya V, au usogeze waya mbali na mabati. Antena iliyo nusu mita juu ya paa la bati haitatulia kamwe.

*Ilikuwa nzuri, ikaharibika baada ya mvua.* Maji. Anza na kiungo cha katikati, kisha plagi. Pwani ongeza chumvi ya bahari: shaba ikigeuka kijani, kata hadi uione inang’aa na uunganishe upya.

Antena ya mita 2 kwa redio ya mkononi

Hii unaimaliza kwa alasiri moja. Unahitaji soketi ya SO-239 yenye matundu manne pembeni, na vipande vitano vya shaba ngumu vya sentimeta 52.

1. Chomea kipande kimoja kwenye tundu la katikati, kisimame wima. Fanya hili kabla ya vile vinne, la sivyo vitakuzuia mkono.
2. Funga vinne kwa skrubu kwenye matundu ya pembeni, uviinamishe nyuzi 45 kwenda chini. Vikiinama hivyo antena inakaribia ohmu 50. Vikilala bapa inashuka kiasi.
3. Pitisha kebo ndani ya bomba la plastiki, soketi ikae kileleni.
4. Pima na upunguze kile cha wima peke yake, milimita tatu tatu. Kwa megahezi 145 kitaishia karibu na sentimeta 49. Vya pembeni viache.
5. Ziba ncha ya juu ya soketi kwa silikoni.

Koneta ndogo ya redio za mkononi haikuumbwa kubeba kebo nene. Kebo ngumu ikiivuta kutwa nzima italegea hadi ndani ya redio. Weka kipande kifupi cha kebo laini katikati. Na angalia jinsia ya koneta kabla ya kununua: baadhi ya redio hizi zina sindano upande wa redio, nyingine upande wa antena.

Kwenye bendi hii urefu ndio kila kitu. Antena iliyo mita 3 juu ya ardhi tambarare inaona kama kilomita 7. Iliyo mita 10 inaona 13, na mwenzako akiwa nayo ya mita 10 mtaonana kwa kilomita 26. Mlingoti wa mabomba ni nafuu kuliko redio yenye nguvu zaidi.

Kuipima kwa masikio

Kwa dipoli, weka redio kwenye 21.150 mchana, upokeaji wa Morse (CW). Hapo kuna vituo 18 vya majaribio duniani vinavyopokezana, kila kimoja sekunde kumi ndani ya dakika tatu. Kenya ipo kwenye ratiba kwa alama ya 5Z4B, Afrika Kusini ZS6DN, Israel 4X6TU. Kila kituo hutuma alama yake na mlio mmoja mrefu kwa wati 100, kisha mlio wa wati 10, wa wati 1 na wa sehemu ya kumi ya wati. Andika unasikia milio mingapi kutoka kituo gani na saa ngapi. Ukibadilisha kitu kwenye antena, sikiliza tena saa ileile siku inayofuata. Ukiwa Dar usishangae kuikosa ya Kenya na kuipata ya Israel. Kwenye masafa haya mawimbi huruka walio karibu.

Kwa antena ya mita 2, tega 145.800, FM, Kituo cha Kimataifa cha Anga kinapopita juu yako. Hawarushi muda wote, ila siku wakizungumza na shule au wakituma picha, utawapata hata kwa redio ndogo. Wakipita juu ya upeo kwa dakika kumi hivi, acha redio na kebo vilivyo, usiguse kitu, sikiliza tu ni wapi sauti inafifia: upande huo ndiko nyumba au mti unakoiziba antena yako.